Uzi: Tembo au ndovu, nyati au mbogo? Tuchimbe asili ya majina ya wanyama kwa sauti, si kwa hadithi

Mzizi Mkavu (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Asili za majina ya wanyama zinazozunguka mitandaoni nyingi zimetungwa kwenye bao. Kakakuona eti ni "kaka, umeona?" Pofu eti ni mnyama asiyeona vizuri. Tamu kusikiliza, lakini zimejengwa juu ya maana peke yake. Asili ya neno hutafutwa kwa sauti, halafu maana ndiyo inaitwa kuja kutoa ushahidi.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, anza kwa kulivua jina. Majina mengi ya wanyama yako kwenye ngeli ambayo zamani ilikuwa na n mbele, na hiyo n imeng'ang'ania mzizi mpaka huuoni. Ili uuone, mfanye mnyama awe mkubwa kupita kiasi: nyoka anakuwa joka, ndege anakuwa dege, mbuzi buzi, ng'ombe gombe. Herufi inayochungulia hapo ndiyo ya mzizi. Mbwa anagoma kwa sababu ukimvua anabaki na silabi moja tu, ndiyo maana anavishwa ji- na kuwa jibwa.

Ukishapata mzizi, upeleke kwenye lugha tatu za Kibantu zisizopakana. Kulinganisha Kiswahili na Kidigo tu ni kazi bure, hao ni majirani, wanaazimana maneno kila siku kama chumvi. Chukua Kikuyu, Kinyanja na Kizulu, au Kiganda, Kinyarwanda na Kishona.

Halafu usiridhike na jozi moja. Ukidai kwamba f ya Kiswahili inalingana na h ya Kikuyu, leta neno la pili, na ikiwezekana lisiwe la mnyama. Mfano: fisi kwa Kikuyu ni hiti. Mtu atasema hayo hayafanani hata kidogo. Sasa tazama figo: kwa Kikuyu ni higo. Hapo f na h zimeshikana mikono. Na s ya fisi je? Kulikuwa na i nzito ya kale iliyokuwa ikizilainisha konsonanti zilizoitangulia: katika Kiswahili p ikawa f, t ikawa s. Kikuyu kiliigeuza p kuwa h na t kikaiacha kama ilivyo. Kinyarwanda wana impyisi, Waganda empisi, Wazulu impisi. Ni fisi yuleyule.

Karibuni. Anayekuja na hadithi aje na jozi mbili.

---

Mla Mihogo (#2)

Mkuu naanza na lile linaloleta ubishi kila siku. Kenya ndovu, Tanzania tembo. Nani kakosea?

---

Mzizi Mkavu (#3)

Hakuna aliyekosea. Ni majina mawili kutoka pande mbili, na yote yana ukoo mkubwa.

Ndovu ndilo lenye ndugu wengi zaidi. Kikuyu njogu, Kiganda enjovu, Kinyarwanda inzovu, Kinyanja njovu, Kizulu indlovu. Kikuyu peke yake ndiye mwenye g pale wengine walipo na v. Lete jozi ya pili: kiboko wa majini kwa Kinyarwanda na Kizulu ni imvubu, kwa Kinyanja mvuu, kwa Kikuyu nguũ. V na g tena, pahali palepale, mbele ya u. Kwa hiyo njogu na ndovu ni neno moja.

Mnaona wengi wana nj au nz mwanzoni, sisi tuna nd. Hapo waulizeni watu wa Lamu. Wao husema ndia kwa njia, ndaa kwa njaa, ndoo kwa njoo. Ndovu ana sura hiyohiyo ya kaskazini.

Sasa tembo. Huyu ndugu zake wako kusini na katikati ya Tanzania mpaka Msumbiji. Wayao husema ndembo, Wamakonde ndembo, Wagogo nhembo, Wamakua etepo. Ziweke kwenye ramani: hizo ni lugha za njia za pembe. Wayao ndio waliokuwa wakishusha pembe Kilwa, na njia ya Bagamoyo ilikatiza Ugogo. Mnyama aliwindwa bara akiitwa jina la bara, na pembe yake ikauzwa pwani.

Hata bidhaa yenyewe ina majina mawili. Mkenya atakuambia pembe za ndovu. Magazeti ya Tanzania yanaandika sana meno ya tembo, na kwa upande wa maumbile wao ndio wamepatia, kwa kuwa ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka, si pembe kama za ng'ombe.

Tembo ya mnazi msiiingize hapa. Hilo ni neno jingine lililogongana na hili barabarani.

---

Nyuni wa Kisiwani (#4)

Ahsante kwa hayo ya Lamu. Lakini mmeruka kitu ambacho maandishi yanakificha na sikio la pwani linakisikia bado.

Tazameni hayo majina ya tembo: Yao nd-, Gogo nh-, Kiswahili t-. Kwa nini matatu? Kwa sababu zamani ilikuwa n + tembo. Myao aliibakiza n na akaitia t sauti nzito, ikawa nd. Mgogo akaibana t ikabaki pumzi, nh. Mswahili aliidondosha n, lakini n haikuondoka hivihivi, iliacha pumzi nyuma yake. Mtu wa Mombasa au Lamu anayezungumza Kiswahili cha nyumbani hutamka t ya tembo mnyama kwa kuipuliza.

Mkitaka kuhakikisha, wekeni kiganja mbele ya mdomo, umbali wa vidole vinne hivi, na mwombeni mzee wa pwani aseme paa wa mwituni, kisha paa la nyumba. Kwa mnyama kiganja kitapata upepo. Kwa nyumba hakipati. Vivyo hivyo kaa wa baharini ana pumzi, na kaa la moto halina. Sababu ni moja: paa la nyumba na kaa la moto ni ngeli ya li-ya, hawakuwahi kuwa na n. Wanyama walikuwa nayo.

Ndiyo maana Mombasa wengine huandika khanga kwa h. Si mapambo, ni pumzi. Ndege huyo kwa Kinyanja ni nkhanga, na kwa Kishona h ndiyo imebaki peke yake: hanga. Leso nayo ilipata jina la kanga kwa huyu ndege, na maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoadoa kama manyoya yake. Leso lenyewe ni neno la Kireno.

Mahali jaribio linapoharibika: ukimwuliza mtu aliyejifunza Kiswahili shuleni bara, atakutamkia paa zote sawasawa. Usihitimishe kwamba tofauti haipo. Umechagua shahidi asiyehusika.

---

Kijana wa Porini (#5)

Kwa hiyo pofu?

---

Nyuni wa Kisiwani (#6)

Pofu anajibika kwa njia hiyohiyo. Mnyama mkubwa yule, wengine humwita mbunju, kwa Kizulu ni impofu, kwa Kishona mhofu. Kizulu wamehifadhi m, Kishona wamebaki na m na pumzi, sisi tukabaki na p. Huyo ni wa ngeli ya n. Pofu wa jicho ni pofu, mapofu, ngeli ya li-ya, na anatokana na kupofuka. Mashamba mawili tofauti. Isitoshe kwa Kizulu mpofu ni rangi ya hudhurungi iliyopauka, na ukimwangalia mnyama mwenyewe rangi ndiyo hiyo.

Swala pala naye yumo. Hiyo "pala" ndiyo impala ya Kizulu ambayo Waingereza waliibeba mzima na m yake.

---

Mzizi Mkavu (#7)

Na kakakuona tummalize, kwa kuwa mnamsema sana.

"Kaka" ya pale mbele si ndugu wa kiume. Wabemba humwita nkaka, Wakongo nkaka, Watswana kgaga, Washona haka. Mnaona tena: kanga/hanga, kaka/haka. Ni jozi mbili za k yetu na h ya Kishona, na zote mbili zilikuwa na n. Kaka ni jina la kale la mnyama mwenyewe, zima, halihitaji kuongezewa kitu.

Hiyo "kuona" iliyoning'inia nyuma ndiyo inayozaa hadithi, kwa sababu mnyama haonekani ovyo. Anatoka usiku, anakula mchwa na siafu, ukimgusa anajiviringa mpira. Mtu akimwona anaona ameona jambo. Neno likishakuwa na kipande kinachofanana na kitenzi cha kila siku, watu watakisoma kama kitenzi, hata kama kilianza vingine.

---

Mla Mihogo (#8)

Duh. Na nyati/mbogo ndio hivyohivyo kama tembo na ndovu?

---

Mzizi Mkavu (#9)

Karibu sawa, ila mpaka umepita pengine. Mbogo ni jina la kaskazini: Kikuyu mbogo, Kiganda embogo, Kinyarwanda imbogo. Nyati ni la kusini: Kinyanja njati, Kishona nyati, Kizulu inyathi. Kiswahili kimekaa katikati kikachukua yote mawili.

Humo kuna kipimo kingine kizuri. Kiswahili kikiwa na ny mwanzoni, tafuta nj kwa Wanyanja. Nyati njati, nyoka njoka, nyuki njuchi. Kikuyu pia: njoka, njũkĩ. Na sisi wenyewe tunalo joka la kuthibitisha.

---

Fundi Sarufi (#10)

Ngoja kwanza. Nyumba je? Tuna jumba, kwa hiyo mzizi una j. Lakini Mnyanja anasema nyumba, si njumba. Mkikuyu nyũmba. Kipimo chako kimevunjika.

Na njaa na njia mbona hazikuwa nyaa na nyia?

---

Mzizi Mkavu (#11)

La kwanza: angalia silabi inayofuata. Nyumba ina mb mbele yake. Katika lugha nyingi za Kibantu, silabi ya pili ikiwa na sauti ya puani (m, n, mb, nd), ile nj ya mwanzo nayo inavutwa puani na kuwa ny. Ndege mdogo kwa Kikuyu ni nyoni, si njoni, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kupima, tazama silabi ya pili. Ikiwa na m au n, kipimo hakifai, liweke neno hilo kando. Nyani asitumike kamwe.

La pili: kipimo kinakwenda upande mmoja. Ukiwa na ny ya Kiswahili, unatafuta nj nje. Usigeuze ukadai kila nj ya nje lazima iwe ny kwetu.

---

Fundi Sarufi (#12)

Hapo tumeelewana. Naongeza tahadhari ya maana, kwa sababu sauti ikikubali watu hulewa.

Simba. Nenda kwa Wazulu ukasikie insimba. Sauti zimekaa sawa kabisa. Lakini insimba ya Kizulu ni kanu, yule mnyama mdogo mwembamba wa usiku mwenye madoa na mkia wa pete, anayekula panya na ndege. Mikia yake ndiyo inayoning'inia kiunoni kwenye mavazi ya jadi ya wanaume wa Kizulu. Simba wetu wao wanamwita ibhubesi au ingonyama. Kwa Kishona simba ni shumba na kanu ni tsimba, mawili yamekaa ubavu kwa ubavu.

Kongoni naye kahama. Kwetu ni yule mwenye uso mrefu na mgongo ulioteremka. Kizulu inkonkoni ni nyumbu. Na nyumbu kwetu ni wa Serengeti, lakini pia ni mtoto wa punda na farasi.

Kwa hiyo ukikuta neno kwenye kamusi ya lugha nyingine, angalia jina la kitaalamu la mnyama kabla hujashangilia.

---

Mfasiri Mchovu (#13)

Hilo la kuhama liandikwe kwa wino mwekundu kwa ajili ya wanaotafsiri vipindi vya wanyama. Kosa linalorudi kila mara ni "mamba mweusi". Kiingereza kilichukua mamba kutoka imamba ya Kizulu, ambaye ni nyoka. Kwetu mamba ni yule wa mtoni mwenye magamba. Ukiandika "mamba mweusi alimuuma mtoto mguuni", msomaji anaona taya lenye meno na damu imetapakaa, kumbe ni vitundu viwili vya sindano. Nyoka huyo andika koboko.

Kosa jingine ni la majina yenye watu ndani. Swala tomi na swala granti wengine wanatafuta mizizi ya Kibantu humo. Tomi ni Joseph Thomson, Mskoti aliyekatiza Umaasaini mwaka 1883. Granti ni James Grant aliyesafiri na Speke kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Swala twiga hana mtu ndani, ana shingo tu.

---

Kijana wa Porini (#14)

Ndege ilianza kuwa ya manyoya au ya injini? 😂

---

Nyuni wa Kisiwani (#15)

Cheka, lakini majirani wanakujibu. Mkikuyu anasema nyoni kwa wa manyoya na ndege kwa ya injini. Mnyarwanda inyoni na indege. Maana yake neno ndege liliwafikia likiwa limeshabeba abiria, wakalichukua kwa kazi hiyo moja. Waganda hawakuazima, wao ennyonyi inafanya kazi zote mbili.

Na sisi tulikuwa na hilo la kale pia. Ni nyuni, utalikuta kwenye tenzi na kwa watu wa kaskazini. Ndege lilikuwa na maana nyingine kando ya hiyo ya kuruka: dalili, fali. Mtu anayeanza safari akisema amepata ndege mbaya, hazungumzii kiwanja cha ndege.

Humo ndimo lilimotoka degedege. Mtoto mwenye homa kali anakakamaa, mikono inatikisika kama mabawa, macho yanageuka juu. Watu walisema amepitiwa na ndege, na pwani ugonjwa wenyewe uliitwa nyuni vilevile. Jina hilo lina gharama mpaka leo: linampeleka mzazi kutafuta dawa ya ndege wakati mtoto ana malaria iliyopanda kichwani na saa zinahesabika. Degedege ni la hospitali, tena mbio.

---

Mla Mihogo (#16)

Za Kiarabu zipo au wanyama wote ni wa Kibantu?

---

Fundi Sarufi (#17)

Zipo, na zinajipanga kwa namna yake. Farasi (faras), samaki (samak), bata (batta), tausi (taus, na Waarabu walimpata kupitia Kigiriki). Alama yake: konsonanti ya mwisho imefungiwa mlango kwa irabu, na ukilipeleka kwa Wazulu au Washona halina ndugu. Ni wanyama wa zizini, wa uani au wa sokoni. Wa porini wakubwa karibu wote wamebaki na majina ya Kibantu, maana hakuna aliyekuja na jahazi kutuletea twiga.

Samaki ndiye wa ajabu, kwa watu waliozaliwa baharini kuazima neno hilo. Neno la kale lipo, nswi. Samaki limelisukuma, lakini majina ya samaki mmojammoja hayakuguswa: changu, tasi, papa. Jina la jumla ndilo la mnadani. La mmojammoja ni la mvuvi.

Na bata bukini nani anajua?

---

Nyuni wa Kisiwani (#18)

Bukini ni Madagaska. Ndilo jina la kale la kisiwa kile kwa Waswahili. Bata bukini ni bata wa Madagaska, basi. Usifanye haraka kusema alitokea huko kweli, majina ya namna hii hutaja upande ambako watu walidhani mnyama katoka. Bata mzinga ndiye funzo lenyewe: asili yake Marekani, Waingereza wakampa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe wakampa la India, Wareno wakampa la Peru.

---

Kijana wa Porini (#19)

Swali la mwisho nilale. Kiboko cha kuchapia na kiboko wa majini, nani kamwita mwenzake? Na mbuzi wa jikoni je?

---

Mzizi Mkavu (#20)

Mnyama ndiye wa kwanza. Mjeledi ulikatwa kwenye ngozi yake, ambayo ni nene sana: inakatwa mkanda mrefu ikiwa mbichi, inasokotwa, inakaushwa, inabaki ngumu lakini inapinda. Wakati wa Mjerumani adhabu ya kawaida ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Siku hizi hata fimbo ya mpera ni kiboko, ngozi imesahaulika.

Sarufi inawatenganisha: kiboko amezama, kiboko kimekatika. Kifaru ni vivyo hivyo, kifaru amejeruhiwa, kifaru kimelipuliwa. Upatanisho ukikosewa kwenye habari za vita, msomaji anadhani wameshambulia hifadhi.

Mbuzi wa jikoni ni sura. Kibao kifupi cha kukalia, mbele yake umechomoza ulimi wa chuma, mwisho wa ulimi una meno. Unakaa juu, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Ukianzia katikati utakwangua kifuu na tui litakuwa na vumbi jeusi. Mtazame akiwa amewekwa pembeni, shingo imenyooka mbele.

---

Mla Mihogo (#21)

Na yeye mnasema mbuzi amevunjika au imevunjika?

---

Fundi Sarufi (#22)

Imevunjika. Mbuzi ya nazi haina roho.